Majibu ya Jikoni: Sabu ya lanchi, tuanze na mkate

*Shangazi habari yako. Nafanya kazi ofisini huku Nakawa, nimechoka kununua lanchi kila siku kwa hiyo nimeanza kujitengenezea sandwichi ya sabmarini (sabu) asubuhi kabla sijatoka. Naweka soseji, nyanya, vitunguu, letusi, mayonezi na tomato sosi juu. Saa tano bado iko sawa ila ikifika saa saba mkate umeloa wote chini, ukiishika inakatika na vitu vinaangukia kwenye shati. Sabu nzuri inatakiwa iwe vipi?*
Shati Jeupe, Nakawa

Pole mwanangu. Ila angalia barua yako, umenitajia kila kitu cha ndani na mkate hujasema hata ni wa aina gani, na mimi tatizo lako naliona hapohapo. Ukitumia ule mkate laini wa kunywea chai hata ukiujaza nyama ya harusi nzima bado saa saba utakula uji. Unataka mkate mrefu wa kama sentimita 20, ganda lake limekauka kiasi kwamba ukiuminya unausikia, alafu ndani ni mwepesi lakini unavutika, haumung'unyiki. Supa kubwa za Kampala zenye oveni yao huwa na bageti, chukua ya asubuhi hiyohiyo. Kama bageti inakukwangua kaakaa (nyingine jamani ni silaha) basi chukua ile mikate mirefu ya hotidogi, ipasue na uipashe upande wa ndani kwenye pani kavu mpaka iwe na rangi kidogo. Ule ukavu wa juu unasaidia sana mkate usinywe maji haraka.

Jambo jingine ni sukari. Mikate yetu mingi ya dukani ni mitamu, kwa chai sina neno nayo, lakini weka nyama na siki na haradali humo uone vinavyogombana. Na sio sisi peke yetu, kule Ireland mahakama yao ya juu kabisa mwaka 2020 ilitoa hukumu kwamba mkate wa Subway, ile mikahawa ya Kimarekani ya sabu, una sukari nyingi mno kuhesabiwa kama mkate wa kawaida kwenye kodi ya VAT, maana sheria yao inataka sukari isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga na ule ulikuwa na asilimia 10. Kwa hiyo ukienda dukani onja kwanza, ukikuta unaweza kuula mtupu kama keki uache hapo ulipo.

Na usiuweke kwenye friji! Watu wanadhani friji inatunza mkate, friji ndo inaufanya mgumu haraka kuliko ukiukalisha mezani umefunikwa. Ukitaka kuuweka siku nyingi ugandishe kabisa kwenye friza, alafu siku ukiutaka uutoe usiku.

Sasa tuje kwenye maji, maana ndo yaliyoharibu shati. Nyanya yako ni maji, letusi uliyoiosha ni maji, tomato sosi ni maji yenye sukari. Nyanya ikate nyembamba, nyunyizia chumvi kidogo, iache kwenye sahani kama dakika kumi, utaona ziwa limetokea pale chini, mwaga hilo ziwa alafu futa nyanya kwa kitambaa safi. Letusi ikung'ute mpaka ikauke, ama iache kabisa utumie kabichi iliyokatwa nyembamba, kabichi haisinyai na saa saba bado inalia mdomoni. Vitunguu vikate vyembamba sana uviloweke kwenye siki na maji robo saa hivi, vitapoteza ule ukali wa kukufanya uzibe mdomo mbele ya bosi, kisha uvikamue. Tomato sosi mimi siitaki kabisa kwenye sabu, ni ya chipsi.

Alafu mafuta yakae kati ya mkate na vitu vyenye maji. Paka siagi ama mayonezi pande zote mbili mpaka ukingoni, usiache sehemu tupu, maji hayapiti kwenye mafuta kirahisi. Watu wengi wanaweka kijiko kimoja katikati ya mkate wanafunga, hiyo haisaidii kitu. Nyama na chizi vitangulie kugusa mkate, mboga zikae katikati kabisa zikiwa zimezungukwa, na kama unapenda mafuta na siki vichanganye na mboga kwanza kwenye bakuli, usimwagie mkate.

Ukipasua mkate usikate mpaka mwisho, acha upande mmoja umeshikana ufunguke kama kitabu, ndo maana vitu vyako vinaanguka, umetenganisha pande mbili. Ndani pale juu chomoa mkate kidogo kwa vidole ili upate mfereji wa kulaza vitu. Na kila kitu kikatwe chembamba, hiyo soseji nzima uliyolaza humo ni gogo, unang'ata mara moja inatoka yote na kukuachia mkate mtupu. Ipasue kwa urefu vipande vitatu vinne. Mwisho usiifunge kwa kavera (mfuko wa plastiki) moja kwa moja ikiwa bado ina joto, itatoa jasho lake lote ndani. Acha ipoe, fungia karatasi nyeupe safi (sio gazeti, wino ule sio wa kula), ibane vizuri, ikae imebanwa kidogo ndani ya kontena, na kwa kuwa ina nyama iweke kwenye friji ya ofisini mpaka lanchi. Ikikaa imebanwa nusu saa vitu vinashikana na kuikata kunakuwa rahisi.

*Shangazi sisi huku hatuna supa yenye oveni, kuna mkate wa slesi na mandazi basi. Nifanyeje?*
Mama wa Sigiri, Soroti

Oka mwenyewe mama, wala sio kazi ya kutisha. Unga wa ngano nusu kilo, maji ya vuguvugu mililita 300, hamira ya chenga vijiko viwili vya chai, chumvi vijiko viwili vya chai visivyojaa sana, sukari kijiko kimoja tu cha chai, na mafuta vijiko viwili vya chakula. Kanda dakika kumi mpaka donge liwe laini na likivutwa lisikatike ovyo, funika, liache kama saa moja liumuke mara mbili. Gawa mara nne. Kila donge lipapase liwe bapa, alafu likunje kwa kulibana kama unakunja mkeka, bana mshono vizuri na uulaze chini, maana mshono ukiachwa juu unafunguka kwenye moto. Yakae tena kama dakika 40. Kwenye oveni ni nyuzi joto 220 kwa dakika kama 20.

Kwa sigiri (jiko la makaa), chukua sufuria kubwa, weka mchanga safi mkavu chini, funika na uipashe kwanza mpaka iwe moto kwelikweli, weka bati lako juu ya mchanga, funika na uweke makaa kwenye mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, hilo ndo watu wanakosea na mkate unaungua tumbo huku mgongo mweupe. Hesabu kama nusu saa ila usiamini saa, amini rangi, na ukiugonga chini kwa kidole usikie sauti ya kitu chenye uwazi ndani. Acha upoe kabisa kabla hujaupasua. Najua harufu itakusumbua na watoto watakusumbua zaidi lakini ukiupasua moto unabonyea ndani unakuwa kama umelowa.

*Asalaam aleikum Shangazi. Sabu ninazoziona kwenye simu zina nyama za nguruwe, ham na salami, sisi ni Waislamu na hata ingekuwa halali bei yake siiwezi. Naweza kutia nini nyumbani na bado ikawa sabu ya kweli?*
Mama Mapacha, Mbale

Waaleikum salaam mama. Hizo unazoziona ni zile za asili ya Kiitaliano, zina nyama za nguruwe za kukaushwa aina mbili tatu na chizi ya provolone, ndo walivyozoea wale wahamiaji wa Kiitaliano huko Marekani. Lakini hakuna sheria, huko kwao kuna sabu za nyama ya ng'ombe ya kuoka, za mipira ya nyama, za kuku, za jodari, zote ni sabu.

Mimi ningekuwa Mbale ningeanza na nyama ya ng'ombe ya jana. Yani ile siku unapochoma ama kuoka kipande kikubwa ongeza kidogo, kilaze kwenye friji usiku, asubuhi kikiwa baridi kinakatika vyembamba vizuri sana kuliko kikiwa moto. Kisu kikali, na ukate kwa kukingamisha nyuzi za nyama, usifuate nyuzi, ukifuata nyuzi mtu anavuta kwa meno mpaka kipande chote kinatoka. Nyama zetu nyingi ni za ng'ombe waliotembea kwa hiyo hili la nyuzi sio mapambo. Paka haradali kidogo, vitunguu vya siki, pilipili hoho, umemaliza.

Kuku wa kuchemsha umchambue, changanya na mayonezi kidogo, ndimu, pilipili manga na karoti iliyoparwa. Kidogo nimesema! Kuku anatakiwa ashikane tu, asiogelee. Samaki sangara, ambaye wenyewe wanamwita mputa, yeye ni mzuri kwa sababu minofu yake ni minene na haina vimiba vya kukuvizia, mkaange kwa unga kidogo, apoe, mlaze na kabichi na ndimu. Ngege (sato) ni mtamu kumshinda ila kwenye sandwichi ya watoto miba yake itakunyima amani, labda wewe mwenyewe ukae uchambue.

Mayai nayo. Chemsha dakika kumi, maji baridi, menya, yakate slesi ama yaponde na siagi na chumvi na kitunguu cha majani. Watu wanadharau mayai, sijui kwa nini, mkate mzuri na yai la namna hiyo na ovakado inamshinda salami wa dukani aliyekaa kwenye friji inayozimwa usiku. Ovakado yenyewe iponde na ndimu isibadilike rangi, na ipake mahali pa mayonezi maana nayo ni mafuta na inazuia maji vilevile, na msimu wake ukifika mnazigawa bure huko.

Chizi, kama una hela kidogo, tafuta gauda, hapa nchini inatengenezwa. Slesi mbili nyembamba zinatosha. Maharagwe je? Yanafaa, ila yapondeponde yakauke, kaanga na kitunguu na binzari, upake mazito. Yakiwa na mchuzi hapana.

Nyama aina moja, mbili ikizidi sana. Hizi za kwenye simu zenye ghorofa nne ni za kupigwa picha, mdomo wa binadamu haufunguki hivyo.

*Habari Shangazi. Mimi niko hosteli Gulu, sina friji. Kuku na mayonezi naweza kutengeneza saa moja asubuhi nikala saa saba? Na ile polony (soseji nene ya kiwandani) ya kwenye kanta je?*
Wa Hosteli, Gulu

Hapana kwa kuku. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa 2, maana vijidudu vinapenda kati ya nyuzi 5 na 60, na begi lako Gulu mchana liko hapo katikati kabisa. Watu wanailaumu mayonezi lakini ya dukani ina siki na ni chachu, anayeharibika haraka ni kuku. Yai la kuchemsha nalo lina masaa yake, usilitegemee mpaka saa saba.

Polony, sikutishi ila mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini walipata mlipuko wa listeria uliotokana na polony ya kiwandani, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo watoto wachanga wengi. Hicho kidudu hakiogopi hata friji, kinakua humohumo taratibu. Kwa hiyo polony iliyokaa kwenye kioo juani usile, na mwenye mimba asile ikiwa baridi hata kama imetoka kwenye friji, aipike mpaka itoke mvuke.

Wewe uko sehemu nzuri kwa hili mbona. Una odii hapo! Nunua mkate, odii, ovakado nzima, nyanya nzima, kitunguu, na kisu kidogo, vibebe vikiwa vizima visivyokatwa, na sabu yako uitengeneze saa saba hapohapo unapokula. Odii ni karanga na simsim, ina mafuta, haiharibiki kwa masaa machache, na ukiipaka nene alafu nyanya yenye chumvi na kitunguu na pilipili kidogo juu, hutauliza kuku yuko wapi. Kwanza mkate haujakaa na kitu chochote chenye maji, kwa hiyo yule wa shati jeupe angekuona angekuonea wivu.

*Shangazi nyie watu mnatusumbua na sabu, kwani ina nini ambacho rolex haina? Na ni kweli ilianzia kwenye nyambizi za jeshi la Marekani?*
Mteja wa Chapati, Wandegeya

Haya, umekuja na vita. Rolex siigusi, chapati na mayai na kabichi na nyanya iliyotoka kwenye pani sasa hivi, nani atabishana. Lakini rolex inaliwa palepale umesimama. Ibebe mpaka saa saba uone, chapati inakuwa ngozi na nyanya imetoa maji kwenye kavera. Sabu yenyewe ni chakula cha kubeba, inaliwa hata ikiwa baridi, hata ukiisahau saa moja haikasiriki. Kazi mbili tofauti, kila mtu na ratiba yake.

La jeshi, sio hivyo. Walioileta ni wahamiaji wa Kiitaliano kaskazini mashariki mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, wanajenga, wanafanya viwandani, wanataka lanchi inayobebeka. Kila mji ukaiita vyake, Philadelphia wanasema hoagie, New York hero, New England grinder. Kwa jina la sabmarini, yaani nyambizi, kuna hadithi zinazogombana, wengine wanamtaja Dominic Conti, mwenye duka la vyakula huko Paterson, New Jersey, kwamba aliona nyambizi ya zamani iliyowekwa kwenye maonyesho akasema inafanana na sandwichi yake, wengine wanasema ni kambi ya nyambizi ya Connecticut wakati wa Vita Kuu ya Pili ambapo wanamaji walikuwa wakinunua kwa wingi. Umbo lenyewe linajieleza, mimi siingii kwenye huo ugomvi.

Inayonipendeza mimi ni ya New Orleans, kule ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, ambao zamani walikuwa makondakta wa tramu, walikuwa na mgahawa wao, na mwaka 1929 wafanyakazi wa tramu walipogoma wale ndugu wakawa wanawalisha wagomaji bure kwa mkate mrefu uliojazwa, ndo ikaja kuitwa po' boy, yaani kijana maskini. Subway yenyewe ni ya juzi tu ukilinganisha, 1965, Bridgeport, Connecticut, kijana wa miaka 17 Fred DeLuca alikopeshwa dola 1,000 na rafiki wa familia, Peter Buck, ili apate karo ya chuo.

*Shangazi, mume wangu anataka yake iwe ya futi moja kama za Marekani, anasema fupi ni ya watoto. Mkate wa futi moja nitaupata wapi Entebbe?*
Mama wa Futi, Entebbe

Usihangaike mama, hata hao Subway wenye futi yao mwaka 2013 mteja alipima kwa rula akapiga picha ikaonekana ni inchi 11, ikawa kelele dunia nzima. Mtengenezee mbili za sentimita 15, jumla inafika hiyohiyo sentimita 30 ya futi yake, weka moja ya nyama na nyingine ya mayai, zifunge mbalimbali. Akimaliza ya kwanza akashiba hiyo ya pili ampe mwenzake kazini, ila aitoe mapema, asirudi nayo jioni aiweke kwenye friji yako eti ni ya kesho.